Kamba Iliyopita Dirishani

Mama yangu alimjua mume wangu kwa mgongo. Uso wake hakuwahi kuutazama sawasawa, na sijui kama angemtambua kwenye picha. Kwetu Bungoma siku zile, mama mkwe na mkwe waliheshimiana hadi kukimbiana. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, hawaketi chini ya paa moja. Jumapili moja mume wangu alipokuja nasi kanisani, mama alitoka nje akasikiliza mahubiri akiwa dirishani, bega moja likinyeshewa. Mhubiri akamwita aingie, akamkumbusha kwamba mbele za Mungu sote ni ndugu. Mama akajibu kwamba Neno linasikika vizuri tu pale aliposimama.

Wajukuu wangu wakisikia hayo hucheka mpaka wanashika mbavu. Wanasema ati tulikuwa washamba. Haya, wacheke, meno ni yao. Mimi nimeona mengi tangu hapo, nimeona hata ndege ikitua, lakini kitu kilichoniacha mdomo wazi mpaka leo ni kamba moja ya mkonge.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, vile vya pili, ndugu zangu wote wawili wakiwa wamechukuliwa jeshini. Mimi na mume wangu tulikuwa tukiishi upande wa Kitale, kwenye shamba la Mzungu. Yeye alilima kwa maksai. Mimi niliosha sufu ya kondoo wa bibi mwenye shamba, nikaichambua nyasi na mavi, kisha bibi mwenyewe akaisokota kwa gurudumu lake la mbao kwenye baraza. Wafanyakazi tuliruhusiwa kufuga ng'ombe wetu pembezoni mwa shamba. Ikawa ruhusa, halafu ikawa si ruhusa tena. Amri ilitoka kwamba ng'ombe wa wafanyakazi waondoke, na watu wakaiita amri ile kifagio, maana ilifagia kweli. Mume wangu aliwatawanya ng'ombe wake kwa bei ya kutupa, akabaki na mmoja, jike jeusi lenye baka jeupe kwenye paji, lenye mimba kubwa. Huyo alikataa kumwuza.

Nami nilikuwa na mimba. Mume wangu hakuwa msemaji, lakini jioni moja alimshika yule ng'ombe pembe, akaniambia, "Hii ndiyo maziwa ya mtoto. Ikienda hii, tutakuwa watu wa kuangalia tu ng'ombe ya wengine." Kwa hiyo tukamswaga hadi kwa mama, karibu na Kamukuywa, tukalala njiani mara moja kwa sababu ya mimba zetu mbili, yangu na ya ng'ombe. Nikabaki pale kumtunza. Yeye akarudi kazini.

Boma la mama lilikuwa dogo. Baba alikwisha fariki. Kulikuwa na nyumba moja ya udongo yenye mlango mbele na kidirisha kimoja nyuma, shamba la mahindi na wimbi, migomba michache, na kondoo waliolala ndani pamoja naye, wakimkoholea usoni usiku kucha. Ua wote ulikuwa wa mkonge. Wengine waliupanda mkonge ili kuzuia mifugo, basi. Mama aliukata majani yale makubwa yenye miiba nchani, akayalaza juu ya gogo, akayakwangua kwa kibao butu mpaka nyama yote ya kijani imwagike na kubaki nyuzi. Utomvu wake unawasha vibaya. Mimi nilijaribu siku moja nikajikuna hadi magharibi, na mama akaniuliza kama kule Kitale nilikuwa nikiosha sufu au nikioshwa mimi.

Nyuzi zikisha kuoshwa mtoni na kuanikwa juani, zilikuwa nyeupe hata zikaumiza macho. Mama aliketi mlangoni juu ya ngozi ya kondoo, miguu ameinyosha, akazisokota pajani kwa kiganja chenye majivu. Paja lake la kulia lilikuwa limelainika kama mpini wa jembe. Hapo alitengeneza kamba za kufungia mbuzi, za kukamia, za kubebea kuni, na vikapu vya kupelekwa sokoni Kamukuywa. Nilikuwa nimekua nikiyaona hayo, na mtu haoni sana kile alichokua nacho. Baada ya kuliona gurudumu la Mzungu nilirudi nikidhani kazi ya mama ni ya kawaida tu. Mungu alinisahihisha.

Mume wangu alikuja kututazama wakati mvua ndefu zilikuwa zimeshika. Usiku alilala kwa jirani, maana kulala bomani kwa mama mkwe kusingesemeka. Asubuhi alikuja upande wa nyuma wa ua, akamfungua ng'ombe wake, akampeleka mtoni. Mimi na mama tulikuwa tunatoka mtoni na mitungi kichwani. Njia ilikuwa nyembamba, nyasi pande zote zimefika kifuani. Tukapinda, na yule pale, mtu na ng'ombe wake, mbele yetu kabisa.

Mama akaruka kulia kumpisha. Naye mume wangu, kwa heshima zake, akaruka kushoto kwake, akamkuta mama tena upande ule ule wa njia. Mama akarudi upande wa pili. Naye akarudi upande wa pili. Kama si mtungi kichwani ningecheka. Basi mume wangu akafunika uso kwa kofia, akamsukuma ng'ombe kwa nguvu zake zote ndani ya nyasi ili njia ibaki wazi, akajitupa nyuma yake. Mama akapita mbio huku amejifunika kitambaa, maji yakimmwagikia mgongoni.

Kisha nikasikia kishindo, na ng'ombe akalia sauti ambayo sijaisikia tena.

Ndani ya nyasi zile kulikuwa na shimo. Watu walichimba udongo pale wakati kanisa linajengwa, udongo wa matofali, kisha kanisa likaisha na shimo likasahauliwa. Lilikuwa refu kupita mtu, kingo zake zimesimama wima, chini kuna maji na tope la mfinyanzi. Ng'ombe alikuwa amezama hadi tumboni. Mume wangu alikuwa tayari yumo ndani pamoja naye, ameushikilia ule uso mweusi usilale majini, ananitazama kutoka chini. Niliogopa kwa ajili ya ng'ombe, nikaogopa zaidi kwa ajili ya macho yale.

Nilipiga mayowe. Majirani wakaja, wanaume wachache waliobaki na wanawake wengi, na kila mtu akaja na kamba ya mfugo wake. Walizifunga pamoja, wakamzungushia ng'ombe, wakavuta. Zikakatika. Wakazikunja maradufu, wakavuta tena. Ng'ombe akapanda kidogo, kamba zikakatika tena, akaanguka kwa ubavu, na pale nikaona wengine wanageuza nyuso.

Mzee jirani yetu alikuwa amekuja na panga. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kile walichokuwa wakikiwaza wengine.

"Hii imekwisha, bwana. Tuchinje ikiwa na pumzi. Ati mnangoja ife kwa matope ndiyo mkule nini?"

Kule shimoni mume wangu aliendelea tu kuushika uso wa ng'ombe. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya Masaba, ule mlima ambao Wazungu waliuita Elgon, na kila mmoja pale alijua kwamba mvua ikija shimo litajaa.

Mama alikuwa amesimama mbali, nyuma ya ua, amegeukia nyumbani kwake. Akaniita.

"Mwanangu, ambia hao watu waweke hiyo panga chini. Si kamba yao ndiyo imekatika? Yangu haijakatika."

"Yako iko wapi?"

"Bado sijaitengeneza."

Nilidhani hofu imemchanganya. Lakini alikuwa amekwisha ingia ndani, anashusha darini mafungu yote ya mkonge aliyokuwa amechana tangu kiangazi. Mkonge ule ulikuwa wa vikapu vya msimu mzima. Aliumwaga wote sakafuni, kondoo wakaruka nje kwa mshtuko.

Kamba nene haisokotwi pajani. Unatengeneza nyuzi tatu nene kwanza, kila mmoja unaupota kwa nguvu upande mmoja mpaka uwe mgumu kama fimbo. Kisha unaziunganisha zote tatu na kuzipota upande wa pili, ili zikitaka kujifungua zibanane zenyewe. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja kila mwisho, na huwa wanatazamana, kwa sababu kila mmoja lazima aone mwenzake anafanya nini na mikono. Baba alikuwa akiifanya na mama. Kati ya waliobaki pale, mwenye mikono ya kazi hiyo alikuwa mmoja tu, yule aliyezoea kufunga nira za maksai wa Mzungu. Na huyo ndiye mama asingeweza kumtazama.

"Nitakaa ndani," mama akaniambia. "Yeye akae nje, nyuma ya nyumba. Kamba ipite kwa dirisha. Wewe utakuwa katikati."

Nilikwenda shimoni nikamweleza mume wangu. Kijana mmoja wa jirani akaingia kumshikia ng'ombe uso, yeye akapanda kwa kusukumwa, amepakaa tope hadi kwenye kope. Akaenda nyuma ya nyumba, akasimama mbali na kile kidirisha, akageuza uso pembeni, akanyosha mkono nyuma. Nikampa mwisho wa uzi wa kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sina jina lake.

Yeye alipota kwa kijiti, mama akashikilia mwisho wake ndani ya giza la nyumba. Ukuta ulikuwa kati yao. Hakuna aliyemsikia mwenzake, maana walikuwa wamenyamaza wote. Lakini uzi ulipokaribia kukaza kupita kiasi, mama aliuvuta mara moja tu, kidogo, na mume wangu akasimama papo hapo. Alipotaka alegezewe, aliutikisa, naye mama akalegeza kabla mimi sijafungua mdomo kumwambia. Nilikuwa nimewekwa niwe mjumbe wao, na nilisimama pale sina kazi. Walikuwa wakizungumza kwa uzi ule, na mazungumzo yao yalikuwa mazuri kuliko yangu na yeyote kati yao. Nakiri niliona wivu kidogo. Zaidi ya wivu niliona hofu, hofu ile ya kuvua viatu mahali patakatifu.

Katika uzi wa tatu mama akaniita dirishani.

"Ambia huyo apumzike. Mkono wake wa kushoto unatetemeka."

Nilizunguka nyumba nikamtazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Nilipomwambia, aliniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina na mgeni. Akapumzika, akafuta jasho, akaendelea.

Kisha zikaja kuunganishwa. Miisho mitatu ya nje tuliifunga kwenye gogo, na mume wangu akalikumbatia gogo kiunoni akalalia nyuma kwa uzito wake wote. Mama ndani akaiunganisha miisho yake kwenye mti mmoja wa mchi, akaanza kuuzungusha. Mimi nilikuwa na gunzi la mahindi lililochongwa mifereji mitatu, kila uzi kwenye mfereji wake, nikatembea nalo kutoka dirishani kumwelekea mume wangu, na nyuma ya gunzi kamba ikazaliwa. Sisemi kwa madaha. Niliiona inazaliwa. Nyuzi tatu ziliingia mbele zimetengana na zikatoka nyuma zimeshikana, kamba nene kama kifundo cha mkono wangu, inanguruma kidogo chini ya vidole.

Kamba ikijipota inafupika. Kwa hiyo kila mama alipozungusha, mume wangu alivutwa hatua kuelekea dirishani. Alikuwa amefumba macho ili asije akaona ndani. Alikuja hivyo hivyo, kipofu, akiamini mkono asioujua, na mama naye akizungusha amelipa dirisha mgongo. Majirani walikuwa wamekuja kutazama. Yule mzee wa panga alivua kofia yake.

Mwishoni mama alisuka kitanzi kisichokaza, akachukua ile ngozi ya kondoo aliyoikalia na kuilalia miaka yote, akaikata vipande kwa kisu akavishona kuzunguka kitanzi, ili kamba isimkate ng'ombe kifua wala kumbana ndama. Akaipitisha yote dirishani. "Nyuma ya miguu ya mbele," akaniambia. "Isiguse tumbo."

Matone ya kwanza yalianza kuanguka tulipofika shimoni. Mume wangu akaingia tena, akazama chini ya maji mara kadhaa akipitisha kitanzi. Juu tuliizungusha kamba kwenye shina la mkuyu uliokuwa karibu, na watu wote wakashika mkia wa kamba, hata mhubiri wetu, amekunja suruali. Yule mzee ndiye aliyehesabia mvuto.

"Haya! Bado! Haya tena! Si mlisema mmekula ugali?"

Kamba ilinyooka. Ilitoa maji yote iliyokuwa imeyanywa, ikalia, na nikasema moyoni sasa inakatika. Haikukatika. Paji lenye baka jeupe likatokea juu ya ukingo, kisha kwato mbili zikikwaruza, kisha tumbo lile kubwa, na chini yake mume wangu akisukuma kwa bega. Ng'ombe akaanguka majanini kama gunia. Watu wote wakamrukia kumfungua, kumsugua, kumwinua, kwa maana ng'ombe akilala baridi baada ya tope haamki tena.

Ni mimi tu niliyesikia ukingo ukibomoka.

Udongo uliomshikilia ng'ombe ulishuka wote juu ya mume wangu. Nilipochungulia alikuwa amezikwa hadi kiunoni, maji yamefika kifuani, mikono juu, anajaribu kupanda na kila anachokishika kinakuja naye. Niliita. Mvua ilikuwa inapiga sasa, na kelele za watu kwa ng'ombe zilikuwa kubwa. Nikashika mkia wa kamba nikamtupia, lakini mimba ile haikuniacha hata kuinama.

Mtu akanipita. Alikuwa mama, ametoka nyuma ya ua. Alijifunika kitambaa kichwani na usoni, akageuka akalipa shimo mgongo, akarudi kinyumenyume mpaka mkuyuni, akaishika kamba. Akaizungusha kwenye shina, akakita miguu kwenye mizizi, macho yake ameyapeleka kule mlimani ambako hakukuwa na chochote ila mvua.

Mume wangu alijua. Nilimwona akijua. Kamba ilipokaza tu mikononi mwake aliinamisha uso, akafumba macho, akaanza kupanda kwa mikono. Kila alipopata kidogo, mama alikikamata kile kidogo, akakizungusha mkuyuni, akangoja. Hakumharakisha. Alipochoka, mama alisimama kimya na uzito wake wote begani, mama yangu mdogo vile, na kamba haikurudi nyuma hata unene wa kidole. Tope likamwachia miguu, kwanza mmoja, kisha wa pili. Kiatu chake kimoja kimo mle mpaka leo.

Alipofika juu alijilaza kifudifudi papo hapo, uso ameuficha majanini, ili asimwone. Mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, anahema, kitambaa kimemgandamana usoni kwa mvua, viganja vinatoka damu. Hakugeuka. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao, nalia kwa sauti kama mtoto. Nilitaka kumkumbatia mume wangu, lakini mke hamkumbatii mumewe mbele ya mamaye. Nilitaka kumkumbatia mama, lakini yule angeinua kichwa aone ninamkumbatia nani.

Kule mbele watu wakapiga kelele. Ng'ombe alikuwa amesimama, miguu inamtetemeka, anakojoa. Nikamkimbilia nikamkumbatia yeye, tope na yote, kwa sababu kati ya wale watatu ndiye pekee niliyeruhusiwa.